Johnson Whittaker, mwanafunzi wa jeshi aliyeitwa mwongo kwa sababu ya mtihani

Luvungi – Kwa vijana wa uwanda wa Ruzizi wanaojiandaa kwa Exetat, na kwa wale wanaotamani siku moja kwenda kusomea uafisa kule Kananga, kuna jina la mbali linalofaa kujulikana: Johnson Chesnut Whittaker.

Alizaliwa mtumwa mwaka 1858 karibu na Camden, katika jimbo la South Carolina, Marekani, kwenye shamba la familia ya Chesnut. Utumwa ulipokwisha alisoma hadi Chuo Kikuu cha South Carolina, na mwaka 1876 akaingia West Point, chuo kinachofundisha maofisa wa jeshi la Marekani. Alilala chumba kimoja na Henry Flipper, ambaye mwaka 1877 alikuwa Mweusi wa kwanza kumaliza pale. Flipper alipoondoka, haukupita muda mrefu Whittaker akabaki Mweusi peke yake. Wenzake Wazungu hawakumsemesha isipokuwa kwa mambo ya kazi. Mmoja alipompiga usoni, yeye alipeleka mashtaka kwa wakubwa badala ya kurudisha ngumi. Toka hapo wakamhesabu kuwa mwoga.

West Point ilijivunia kwamba neno la mwanafunzi wake linaaminiwa. Neno la Whittaker halikuaminiwa.

Asubuhi ya tarehe 6 mwezi wa nne 1880 hakuonekana kwenye mwito. Alikutwa chini chumbani, miguu imefungwa kwenye kitanda, masikio yamekatwa, damu imetapakaa. Alieleza kwamba watu watatu waliofunika nyuso walimvamia usiku, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amepata kikaratasi cha onyo kisicho na jina. Daktari wa chuo akadai kwamba anajifanya amezimia. Wakubwa, chini ya Jenerali John Schofield, wakashikilia kuwa amejikata na kujifunga mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa dhaifu katika somo lililoitwa falsafa, ambalo kwa kweli lilikuwa fizikia, na mtihani wa mwezi wa sita ulikuwa unakaribia.

Alikuwa dhaifu kweli katika masomo. Aliwahi hata kurudia mwaka. Lakini kushindwa si kudanganya, na wakubwa wake walichanganya hayo mawili. Hata huku kwetu aliyekopia mara nyingi hushangiliwa, na aliyeanguka kwa haki huchekwa.

Uchunguzi ulimwangukia yeye. Katikati ya msukosuko huo akaingia mtihani wa kujibu kwa mdomo, akashindwa. Mwaka 1881 akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini New York. Alitetewa na Daniel Chamberlain, aliyewahi kuwa gavana wa South Carolina, pamoja na Richard Greener, mwalimu wake wa zamani na mmoja wa Weusi wa kwanza kumaliza masomo Harvard. Upande wa mashtaka ulileta wataalamu wa mwandiko waliosema kikaratasi kile alikiandika mwenyewe. Akahukumiwa kufukuzwa, faini ya dola 1 na mwaka 1 wa kazi ngumu.

Mwezi wa tatu 1882 Rais Chester Arthur akafuta hukumu, kwa sababu ushahidi ule wa mwandiko haukupaswa kupokelewa. Siku ileile Waziri wa Vita, Robert Lincoln, mtoto wa Abraham Lincoln, akamwondoa chuoni kwa kosa la kuanguka mtihani.

Whittaker hakukaa kulia. Akawa avoka, kisha mwalimu huko South Carolina, baadaye prefe wa shule ya Weusi mjini Oklahoma City. Watoto wake wawili wa kiume walitumika kama maofisa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikufa mwaka 1931.

Mwaka 1995 Rais Bill Clinton alikabidhi kwa wazao wake cheti cha uafisa ambacho alinyimwa, pamoja na Biblia yake, iliyochukuliwa kuwa kielelezo wakati wa kesi na kubaki mikononi mwa Serikali miaka yote hiyo.