Bwana aliyesoma inzi wa mto

Mwingereza Alfred Ronalds alizaliwa London mwaka 1802. Kitabu alichokitoa mwaka 1836 kiliwaonyesha wavuvi wa mshipi wadudu wa mtoni kwa picha za rangi, kila mdudu na mwezi wake. Wadudu hao hukulia chini ya maji, hutoka juu majira yao yakifika. Naye mvuvi wa trauti huwaigiza kwa nyuzi na manyoya kwenye ndoana. Basi Machi, maji yangali baridi, atakayetupa mdudu wa Juni huenda akarudi mikono mitupu.

Ronalds hakutosheka na habari za kusikia. Alijenga kibanda kando ya mto Blithe, huko Staffordshire, akawa akichungulia. Alipuliza inzi wafu kwa mrija, wengine kawatia haradali na pilipili kali. Trauti wakawadaka vile vile. Bunduki ikapigwa nyuma ya kibanda, samaki wasishtuke. (Na wavuvi wangapi hukatazana kusema!)

Mwaka 1848 alihamia Australia na wanawe, akafia Ballarat mwaka 1860. Kitabu hicho kiliendelea kupigwa chapa baada yake.