Henry Armstrong na Udanganyifu wa Mizani

Kabla ya ndondi za kulipwa kugawanywa vipande vipande kama shamba la urithi, yalikuwepo madaraja manane tu ya uzani yaliyohesabika. Henry Armstrong, Mmarekani mweusi mwenye kimo cha kama sentimita 166, ndiye bondia wa pekee aliyewahi kumiliki mataji matatu ya madaraja hayo kwa wakati mmoja. Aliyakusanya katika muda usiotimia miezi kumi, kuanzia Oktoba 1937 hadi Agosti 1938. Yeyote anayewafunza vijana ndondi hukutana na jina lake mapema, na aghalabu hulitumia kuthibitisha kwamba ukubwa wa mwili si kitu maadamu moyo upo. Safu hii ina maoni tofauti. Maisha ya Armstrong yakisomwa kwa makini yanaonyesha kuwa ukubwa ni kitu, tena kitu kizito, ila mizani ndiyo isiyojua kuupima.

Alizaliwa tarehe 12 Desemba 1912 mjini Columbus, katika jimbo la Mississippi, akaitwa Henry Jackson. Angali mdogo, jamaa zake walihamia St. Louis. Huko mamaye alifariki, akalelewa na nyanyake. Alimaliza shule ya upili, jambo ambalo halikuwa jepesi kwa kijana mweusi wa enzi hizo, kisha akafanya kazi ya sulubu kwenye reli. Pigano lake la kwanza la kulipwa, mwaka 1931, alishindwa kwa kuangushwa. Akahamia Los Angeles kujaribu bahati yake, akawania nafasi katika timu ya Marekani ya Michezo ya Olimpiki ya 1932, lakini hakuipata. Jina la Armstrong alilitwaa kwa rafiki aliyekuwa pia mkufunzi wake.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa na malipo ya senti. Nyota yake ilianza kung'ara pale mwimbaji na mwigizaji Al Jolson alipotoa fedha ili mkataba wake ununuliwe na meneja Eddie Mead. Mwaka 1937 pekee alipigana mara 27, akashinda zote, na 26 kati ya hizo mpinzani hakufika mwisho. Hesabu hii ina maana kubwa kuliko sifa ya ushindi. Mtu anayepanda ulingoni kila baada ya siku kumi na tatu au kumi na nne hana nafasi ya kunenepa, na asiyenenepa hana haja ya kujikausha.

Tarehe 29 Oktoba 1937 alimwangusha Petey Sarron katika raundi ya sita jijini New York, akawa bingwa wa uzani wa unyoya, ambao mpaka wake ni pauni 126, yaani kilo 57 hivi. Lakini huo ulikuwa ni wakati wa Joe Louis. Magazeti na mifuko ya mashabiki vyote vilimwelekea bingwa huyo wa uzani wa juu, na mabondia wadogo walibaki kivulini. Mead na wenzake wakaona kwamba mtu wao hatatazamwa ila afanye jambo ambalo halijawahi kufanywa. Ndipo ukazuka mpango wa mataji matatu.

Walianza na lililo mbali zaidi. Mei 1938 Armstrong aliruka uzani mwepesi wa pauni 135, akamkabili Barney Ross, bingwa wa uzani wa welta, ambao mpaka wake ni pauni 147, au karibu kilo 67. Tatizo lilikuwa mizani. Waandalizi walichelea kwamba umma utaudhika ukiona tofauti kubwa mno ya uzani, na inasimuliwa kuwa Armstrong alibugia maji na bia hadi tumbo likamjaa, ili tu aonekane mzito. Mvua ikanyesha, pigano likaahirishwa. Lilipofanyika tarehe 31 Mei, maji yalikuwa yameshatoka. Armstrong alipima pauni 133 na nusu na Ross pauni 142, tofauti ya karibu kilo nne. Kwa raundi 15 yule mdogo alimponda yule mkubwa, na Ross hakupigana tena maishani mwake.

Hapa ndipo mwalimu anapaswa kutua kidogo. Yale maji ya tumboni yalikuwa uzani wa uongo, uliodumu saa chache na usiompa Armstrong hata chembe ya nguvu. Bondia anayejikausha hufanya udanganyifu huohuo kwa kuugeuza: hutoa mwilini maji anayoyahitaji ili mizani imwite mwepesi. Tofauti ni kwamba uongo wa Armstrong ulimwisha kwa kwenda msalani, ilhali huu mwingine humfuata mtu hadi ulingoni. Damu hupungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kufanya kazi ileile, joto la mwili hukosa njia ya kutokea, na akiba ya nishati iliyo katika misuli huisha mapema. Maji yanayonywewa baada ya kupimwa hayarudi yote mahali pake kwa saa chache, na madaktari wanaonya kuwa ubongo wa mtu aliyekaukiwa maji huenda usistahimili makonde kama ule wa mtu mwenye maji ya kutosha.

Isitoshe, namna ya Armstrong ya kupigana isingewezekana kwa mtu aliyekauka. Alijua kwamba mfupi akisimama mbali ataliwa na mikono mirefu, kwa hiyo aliinamisha kichwa hadi kifuani mwa mpinzani na kurusha ngumi bila kupumzika. Huko karibu, urefu wa mkono hauna faida. Lakini mwendo huo hudai pumzi na jasho kuliko mtindo mwingine wowote. Tarehe 17 Agosti 1938, alipomnyang'anya Lou Ambers taji la uzani mwepesi, alikuwa na pauni 134, uzani wake wa kawaida. Mdomo wake ulipasuka vibaya hivi kwamba refa alitishia kusimamisha pigano, naye akawa anaimeza damu yake mwenyewe. Alishinda kwa kura za waamuzi wawili dhidi ya mmoja. Baadaye mwaka huohuo aliliachia taji la uzani wa unyoya, kwani mwili wake haungeshuka tena hadi pauni 126.

Kuna pia kisa cha Ceferino Garcia, Mfilipino aliyekuwa na konde zito. Novemba 1938 Garcia aliwania taji la welta, akalazimika kuwa chini ya pauni 147, na Armstrong akamshinda kwa pointi. Machi 1940 walikutana tena, safari hii kwa taji la uzani wa kati alilokuwa nalo Garcia. Sasa Mfilipino alikuwa na zaidi ya pauni 150 na Armstrong kama 142, wakatoka sare. Wengi walisema Armstrong ndiye aliyestahili, na ni kweli pia kwamba alikuwa amechakaa, kwani Oktoba 1939 alitetea taji lake mara tano katika siku 22. Hata hivyo, siwezi kuamini kwamba zile pauni alizoongeza Garcia hazikuchangia chochote.

Basi kijana wa kidato cha tatu anapovishwa nailoni na kukimbizwa juani, akatazwa maji, ili apunguze kilo tano kabla ya Ijumaa, asiambiwe kwamba anamfuata Armstrong. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa kwa kujikausha namna hiyo, na hapo ndipo kanuni za vyuo zilipobadilishwa. Mashindano ya shule zetu nayo yana mizani. Je, nani humuuliza mvulana alikunywa maji lini mara ya mwisho?

Fritzie Zivic, aliyemzidi Armstrong kwa urefu, alimpokonya taji la welta Oktoba 1940, na Januari 1941 akamshinda tena. Armstrong alistaafu mwaka 1945, akatumbukia katika ulevi, akautoka, na mwaka 1951 akawekwa wakfu kuwa mhubiri wa Kibaptisti. Uzeeni macho na kumbukumbu vilimtupa mkono. Alifariki Los Angeles mwezi wa Oktoba 1988, akiwa na umri wa miaka 75, majuma machache baada ya Robert Wangila wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul katika uzani wa welta.