Jan Ingenhousz, Tabibu Aliyelipima Jani Mbele ya Jua

Askari anayeshika zamu ya alfajiri mjini Gisenyi huliona jua likichomoza nyuma ya milima, na nuru yake ikiteremka polepole juu ya mashamba ya mahindi hata kufika ukingo wa Ziwa Kivu. Kwa macho matupu hakuna linalotendeka shambani. Hata hivyo, saa hiyo hiyo kila jani la kijani huwa limeanza kazi inayotulisha sote, kambini na nyumbani. Mtu aliyeonyesha kwa majaribio kwamba kazi hiyo huendeshwa na mwanga alikuwa tabibu wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz. Tumeona inafaa kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za maisha yake, kwani mlango wa bahati yake ulifunguliwa na daktari wa jeshi.

Alizaliwa mjini Breda tarehe 8 Desemba 1730. Katika miaka ya 1740, vita vya kugombea urithi wa Austria vilileta majeshi ya Uingereza katika nchi hizo, na pamoja nayo alikuja John Pringle, daktari wa jeshi, ambaye mwaka 1752 alitoa kitabu mashuhuri juu ya maradhi ya askari. Pringle alifanya urafiki na familia ya Ingenhousz. Kijana Jan alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Louvain, akapata shahada mwaka 1753, kisha akarudi kuwatibu watu wa mji wake. Baba yake alipofariki, alivuka bahari mwaka 1765 kwenda Uingereza, na huko Pringle akampokea.

Adui mkubwa wa zama zile alikuwa ndui. Chanjo ya Jenner haikuwapo hadi mwaka 1796. Kinga iliyojulikana ilikuwa kumtia mtu mzima wa afya kiasi kidogo cha ndui yenyewe, augue kidogo ili asiugue sana. Na wako waliokufa kwa njia hiyo. Mwaka 1768 Ingenhousz alishiriki kuwakinga mamia ya wanavijiji wa Hertfordshire. Mwaka huo huo Maria Theresa, mtawala wa Austria, ambaye ndui ilikuwa imemnyang'anya watoto na kumlaza yeye mwenyewe kitandani, alitafuta tabibu wa kuwakinga waliosalia. Pringle alimpendekeza rafiki yake. Ingenhousz alijua kwamba mtoto mmoja wa mfalme akifia mikononi mwake, jina lake lingezikwa naye. Watoto walipona, naye akafanywa tabibu wa ikulu kwa malipo ya kila mwaka maisha yake yote.

Wengi wangetosheka na raha hiyo. Yeye alikuwa na swali lililomsumbua. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley alikuwa ameona kwamba mmea huweza kuirudishia uzima hewa iliyochafuliwa na mshumaa uliowaka. Tatizo ni kwamba jaribio hilo mara lilifaulu, mara lilishindwa, na sababu haikujulikana.

Katika kiangazi cha mwaka 1779 Ingenhousz alikodi nyumba karibu na London, na kwa muda wa miezi mitatu akafanya majaribio zaidi ya 500. Alizamisha majani ndani ya vyombo vya kioo vilivyojaa maji. Juani, mapovu yalitoka katika majani, kivulini yalipungua, gizani yalikoma. Alipotia joto bila mwanga, hayakurudi. Hewa ya mapovu hayo iliuchochea moto ukawaka kwa nguvu. Aligundua pia kwamba sehemu za kijani peke yake ndizo zifanyazo kazi hiyo, na kwamba mizizi na maua huichafua hewa usiku na mchana. Mwaka huo huo alichapisha kitabu chake.

Hakuwa na chombo cha kumwonyesha undani wa jani. Leo hadubini za elektroni zinatuonyesha. Ndani ya seli za kijani mna vifuko vidogo viitwavyo kloroplasti, na ndani yake mna tando nyembamba zilizobeba klorofili, ile rangi ya kijani. Mwanga ukiipiga klorofili, maji hupasuliwa na oksijeni hutoka. Hayo ndiyo mapovu ya Ingenhousz. Chembe za haidrojeni hujazana upande mmoja wa utando kama maji nyuma ya boma la bwawa. Zinapotoka kwa kupitia mlango wake maalumu, msukumo wake huzalisha nguvu ya kutengenezea sukari. Utando ukivuja, nguvu hiyo hupotea bure.

Mahindi yamegawana kazi kama kikosi chenye nidhamu. Katika seli zilizo karibu na uso wa jani, tando zimepangwa safu juu ya safu kama sahani. Huko maji hupasuliwa, na kaboni dayoksaidi hukamatwa na kufungwa ndani ya asidi. Mzigo huo hupelekwa katika seli zinazozizunguka nyuzi za jani. Huko tando hazina safu, au zina chache tu, hivyo oksijeni izalishwayo ni kidogo sana; nayo oksijeni ikizidi huvuruga utengenezaji wa sukari. Ndiyo maana mahindi hustawi katika jua kali, na ndiyo maana hudhoofu yakibananishwa au yakipandwa kivulini.

Ingenhousz hakuwa bila makosa. Alikuza mno hatari ya mimea ndani ya nyumba usiku, na alibishana kwa uchungu na wenzake, Priestley na Senebier, juu ya nani aliyetangulia. Mwaka 1788 aliondoka Vienna kwa safari. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 na vita vilivyofuata vilimfungia njia ya kurudi. Hakumwona tena mkewe. Alifariki Bowood, Uingereza, tarehe 7 Septemba 1799.

Ndugu askari, ukimaliza zamu, chukua gugu la kijani kutoka ziwani, ulizamishe katika glasi ya maji, uiweke juani. Subiri. Mapovu yatakayopanda ni yale yale aliyoyahesabu tabibu huyo.