John Okello: Mwashi aliyeutawala mji kwa redio

ASUBUHI ya Jumapili, Januari 12, 1964, wakazi wa mji wa Zanzibar waliofungua redio walikutana na sauti ngeni. Msemaji alijitambulisha kuwa ni Fildi Marshali John Okello. Wengi hawakuwa wamelisikia jina hilo, na lafudhi yake haikuwa ya Unguja wala Pemba.

Okello alizaliwa mwaka 1937 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, akabaki yatima angali mtoto. Baada ya miaka ya vibarua na uashi nchini Kenya, alivuka kwenda Pemba mwaka 1959, kisha Unguja mwaka 1963.

Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, yeye na wenzake, wengi wakiwa na mapanga na mikuki tu, walivamia kituo cha polisi cha Ziwani na kutwaa bunduki ghalani. Siku hiyo hiyo Sultani Jamshid alikimbia kwa meli. Uhuru wa Desemba 10, 1963 ulikuwa umedumu mwezi mmoja.

Mji ulikuwa mikononi mwa watu wasio na hazina wala makarani. Walichokuwa nacho ni redio. Kutoka Raha Leo, huko Ng'ambo, mbali na kasri la Sultani la pwani, Okello alitangaza amri ya kutotoka nje, akataka silaha zisalimishwe, na kuwatishia wakaidi adhabu ambazo ziliwaogofya hata waliokuwa upande wake. Mitaani vijana wenye silaha walipekua nyumba na kupora maduka. Maelfu ya watu, wengi wao Waarabu, waliuawa mjini na mashamba.

Ajabu ni kwamba hakujitwalia urais. Nafasi hiyo ilikwenda kwa Abeid Amani Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, aliyekuwa na chama na wafuasi wa miaka mingi. Okello, Mkristo na mgeni, alikuwa na bunduki tu, nazo zilishikwa na watu wengine. Polisi wakaletwa kutoka Tanganyika, na kikosi chake kikanyang'anywa silaha. Machi 1964, aliporejea kutoka safari ya bara, alizuiwa kubaki Zanzibar. Muungano wa Aprili 26 ulimkuta nje.

Mji ukabadilishwa bila yeye. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na Ng'ambo kukajengwa majumba marefu ya Michenzani. Okello alifungwa jela Kenya, na mwaka 1967 kitabu chake kuhusu mapinduzi kikachapishwa Nairobi. Mwaka 1971 alionekana Uganda akiwa na Idi Amin. Tangu hapo hakuonekana tena.