Mondrian, Mchoraji wa Mistari Miwili

Asimamaye ufukoni Kajaga, kando ya mji wa Bujumbura, huona maji ya Ziwa Tanganyika yamelala na matete yamesimama. Mistari hiyo miwili, wa kulala na wa kusimama, ndiyo iliyotawala maisha ya Piet Mondrian tunayemkumbuka leo.

Alizaliwa Amersfoort, Uholanzi, mwaka 1872. Alianza kwa kuchora miti na mashamba. Kisha, akiitazama bahari ya Domburg, akapunguza mawimbi na gati hata vikabaki vistari vyeusi tu. Wanunuzi walikuwa haba, naye akachora maua apate riziki, lakini njia yake hakuiacha. Tishio la vita lilimwondoa Paris mwaka 1938. Alifariki New York mwaka 1944.

Miaka 20 baadaye, A. Michael Noll aliiagiza kompyuta iige picha yake ya mistari ya mwaka 1917. Katika watu 100 walioonyeshwa zote mbili, 59 waliipenda zaidi ya mashine, na 28 tu ndio waliotambua ipi ni ya nani. Je, mchoraji alishindwa? Sisi twaona sivyo. Mashine iliikuta njia imekwisha kufyekwa, na aliyeifyeka ni Mondrian.