Andrew Foster: kiziwi aliyefungua shule 31, na somo lake kwa wenye watoto wachanga

Kila tarehe 3 Desemba dunia inakumbuka watu wenye ulemavu. Tarehe ile ile, mwaka wa 1987, ndege ndogo ilianguka Rwanda karibu na Gisenyi, jirani ya Goma yetu. Ndani yake alikufa Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, mwenye miaka 62. Tunasimulia maisha yake juu yanatugusa sisi wazazi.

Foster alizaliwa mwaka wa 1925 huko Alabama, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 11, menenjiti ilimshika yeye pamoja na ndugu yake. Walipona, lakini hawakusikia tena. Shule ya viziwi weusi haikumfikisha mbali, sababu ya ubaguzi wa wakati ule. Akahamia Michigan, akaendelea kujitafutia masomo. Chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, kilimkatalia zaidi ya mara moja. Hakuchoka. Kilimpokea mwaka wa 1951, na mwaka wa 1954 akawa mweusi wa kwanza kupata digrii pale.

Mwaka wa 1957 akafika Ghana, ambako hakukuwa hata shule moja ya viziwi. Alianza kufundisha katika madarasa ya kuazima, wenyewe wakiisha kurudi nyumbani. Mwaka wa 1960 akaenda Nigeria, na mwaka uliofuata akamuoa Berta, Mjerumani, naye kiziwi. Mpaka anakufa, alikuwa amefungua shule 31 katika nchi 13, na Zaire yetu ilikuwa ndani. Watoto waliokuwa wanafichwa nyumbani wakasoma kwa lugha ya ishara.

Sasa tuangalie jambo moja. Foster alipoteza masikio akiwa na miaka 11. Lugha ilikuwa imekwisha kuingia kichwani. Mtoto anayezaliwa haisikii hata sauti ya mama yake hana akiba ile. Ubongo wake unatafuta lugha toka siku za kwanza. Tukimgundua akiwa na miaka 4 ao 5, tumekwisha kumpotezea muda mwingi, na mara nyingi tumekwisha kusema ni mkaidi ao amerogwa.

Ndiyo maana wataalamu walijiwekea kanuni ya 1, 3, 6: masikio yapimwe kabla ya mwezi 1, uziwi uhakikishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Chombo kidogo kinawekwa sikioni wakati mtoto amelala. Kikitia shaka, kuna kipimo kingine cha kufuata sauti mpaka kwenye ubongo. Havina maumivu.

Vyombo hivyo haviko kila kituo cha afya, lakini macho ya mzazi yako. Mtoto hashtuki kwa kelele kubwa? Akiwa na miezi 6 hageuki unapoita? Mwaka 1 umetimia na hajasema hata neno moja? Usingoje. Na kupiga makofi nyuma yake hakutoshi: anaweza kuona kivuli ao kusikia upepo kwenye ngozi, tena pengine sikio moja tu ndilo zima.

Mwambie muganga siku ya kupima kilo, zaidi kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, aligeuka manjano sana, ao kuna kiziwi katika jamaa. Na mtoto aliyepona menenjiti apimwe masikio upesi, bila kungoja dalili.

Hata kama dawa haipo, lugha ipo. Mikono ya mama inaweza kuanza kusema na mtoto leo. Foster alipita Afrika nzima kwa mikono ile.