Albert Claude na Seli ya Ini: Funzo la Kulinganisha

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha sayansi katika shule ya msingi hupenda kuwaletea wanafunzi vitu vya ajabu: yai lenye viini viwili, muhogo uliojipinda, jani lenye madoa. Desturi hiyo ni njema, maana jambo la ajabu huamsha udadisi. Hata hivyo, ajabu haina maana kwa mtoto asiyeifahamu kawaida. Katika makala haya tunakusudia kusimulia maisha ya Albert Claude, mwanasayansi wa Ubelgiji ambaye kazi yake iliwawezesha wataalamu kuyatambua maumbo yasiyo ya kawaida ndani ya seli za ini. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, njia aliyoifuata katika uchunguzi yafaa kutumiwa darasani. Pili, jinsi yeye mwenyewe alivyoipata elimu ni jambo linalotuhusu sisi walimu.

Utoto na masomo

Claude alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika kijiji cha Longlier, kusini-mashariki mwa Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Shule ya kijiji ilikuwa na chumba kimoja tu, na watoto wa madarasa mbalimbali waliketi pamoja mbele ya mwalimu mmoja. Huenda wengi wetu tungeihesabu shule ya namna hiyo kuwa dhaifu, lakini Claude aliikumbuka kwa heshima hata uzeeni.

Mama yake alifariki kwa saratani ya matiti Claude akiwa na umri wa miaka 7 hivi. Baadaye familia ilihamia Athus, mji wa viwanda vya chuma, na mtoto akaingizwa katika shule iliyofundisha kwa Kijerumani, lugha ambayo haikuwa ya nyumbani kwao. Haikupita miaka mingi akarudishwa Longlier kumuuguza jamaa yake aliyepatwa na kiharusi. Masomo yakakatika. Alipokua alifanya kazi katika kiwanda cha chuma, na wakati wa Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 aliitumikia kwa hiari idara ya upelelezi ya Uingereza.

Vita vilipokwisha alitaka kusomea udaktari, lakini hakuwa na cheti cha sekondari. Kwa kanuni za kawaida mlango ulikuwa umefungwa. Serikali ya Ubelgiji ilipowaruhusu watu waliotumika vitani kuingia chuo kikuu bila cheti hicho, Claude alianza masomo ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Liège mwaka 1922, akahitimu mwaka 1928. Mwaka uliofuata alikwenda New York kufanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller.

Kutenga na kulinganisha

Huko alipewa kazi ya kuchunguza saratani moja ya kuku, ambayo Peyton Rous alikuwa ameonyesha mwaka 1911 kuwa yaweza kuambukizwa kwa maji yaliyochujwa kutoka katika uvimbe. Claude alitaka kukitenga kile kinacholeta ugonjwa. Aliusaga uvimbe, akautia katika mashine inayozungusha chupa ndogo kwa kasi kubwa, akakusanya chembe zilizotua chini.

Hapa ndipo tunapoiona hekima yake. Hakutosheka na kuku mgonjwa. Alizichukua pia seli za vifaranga wazima ambao hawajaanguliwa, akazipitisha katika hatua zilezile. Akakuta chembe zinazofanana sana na zile za kwanza! Mtu mwingine angevunjika moyo, kwa kuwa kumbe sehemu kubwa ya alichokidhania kuwa ni cha ugonjwa ilikuwa ni mali ya kila seli. Claude aliona kwamba amefunguliwa njia ya kuichunguza seli nzima yenyewe.

Kwa kazi hiyo aligeukia ini la panya, kiungo laini ambacho seli zake hupatikana kwa wingi. Alizivunja seli taratibu, akazizungusha kwa kasi ndogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi. Viini vya seli vilitua kwanza, zikafuata chembe kubwa, na mwisho zile ndogo kabisa. Kila fungu alilipima, wala hakutupa kitu, ili jumla ya mafungu yote ilingane na kile alichoanza nacho. Mwaka 1946 yeye na wenzake walionyesha kuwa vimeng'enya muhimu vya upumuaji wa seli ya ini vimo katika lile fungu la chembe kubwa. Chembe hizo ni mitokondria, ambazo Carl Benda alizipa jina mwaka 1898 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje. Ndani yake nguvu iliyomo katika chakula hubadilishwa iweze kutumiwa na seli.

Mwaka 1945 Claude, Keith Porter na Ernest Fullam walikuwa wamekwisha kutoa picha ya kwanza ya seli nzima iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni. Hadubini hiyo hutumia miali ya elektroni badala ya mwanga, na huonyesha vitu vidogo mno ambavyo hadubini ya kawaida haiwezi kuvitenganisha. Baadaye, mwaka 1952, George Palade alieleza mikunjo iliyomo ndani ya mitokondria.

Claude alirudi Ubelgiji mwaka 1949 kuiongoza Taasisi ya Jules Bordet mjini Brussels, inayoshughulika na saratani. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Palade na Christian de Duve. Alifariki mjini Brussels mwaka 1983.

Maumbo yasiyo ya kawaida

Kawaida ilipokwisha kujulikana, maumbo mageni yakaanza kuonekana. Wachunguzi wa ini walikuta mitokondria kubwa kupita kiasi, na nyingine zenye vijiti kama fuwele ndani yake. Je, yote hayo yalikuwa dalili za ugonjwa? La. Mitokondria kubwa mno huonekana katika ini la baadhi ya watu wanywao pombe kwa wingi. Lakini vijiti vile vimeonekana hata katika ini la watu wazima wa afya.

Isitoshe, umbo geni laweza kuletwa na mchunguzi mwenyewe. Mwaka 1948 Hogeboom, Schneider na Palade walionyesha kuwa mitokondria za ini la panya zikitengwa katika maji yenye sukari nyingi hubaki ndefu, ilhali katika vimiminiko vilivyotumiwa hapo awali zilivimba na kuwa mviringo. Na katika miaka ya 1968 na 1969 ilionekana kuwa panya wadogo walionyimwa vitamini B2 walipata mitokondria kubwa mno katika ini. Waliporudishiwa vitamini hiyo, mitokondria zile ziligawanyika, zikarudia ukubwa wake wa kawaida.

Matumizi darasani

Mwalimu hahitaji mashine ili kuifundisha njia hii. Atie mchanga, udongo wa mfinyanzi na maji katika chupa nyeupe, aitikise, kisha aiweke mezani. Wanafunzi waandike kipi kimetua kwanza na kipi kimechelewa. Siku nyingine walete majani 10 mazima ya mti mmoja, wayapime na kuyachora, ndipo waoneshwe jani lenye madoa. Kisha waulizwe maswali matatu: Jani la kawaida likoje? Je, madoa haya yameletwa na sisi tulipolishika au kulihifadhi? Je, mti umekosa kitu gani?

Maswali hayohayo hatuna budi kujiuliza tunapomwita mtoto mzito wa akili. Je, tunamfahamu alivyo siku zote, au tumemwona siku moja tu? Je, tatizo limo ndani yake, au limo katika lugha tunayomfundishia na namna tulivyoliandaa somo? Je, amekula? Je, nyumbani kuna mgonjwa anayemuuguza? Claude alipokuwa mtoto alikaa darasani akifundishwa kwa lugha ngeni, kisha akaacha shule kwa ajili ya mgonjwa. Mwalimu ambaye angemtazama kwa haraka wakati ule angeandika katika daftari lake kuwa mtoto huyu hana maendeleo. Kabla hatujaandika maneno kama hayo, tulinganishe kwanza, tena kwa makini kama ule alioutumia yeye kuipima seli ya ini.